Mdhamini, Weka Kalamu Chini

Wewe uliyeombwa kukaa kwenye meza ya wadhamini ukiwa mtu huru, usiye mwanzilishi wala mfanyakazi, maneno haya ni yako. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwenye ghala nilikofanya kazi Uingereza tulikuwa Waswahili wanane, wa Mombasa, Tanga, Bujumbura na Goma, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuelezwa, kwa lugha anayoiota usiku, kwamba kampuni ile imewekwa amana kwa ajili yake. Tuliitwa siku moja kwenye mkutano wenye keki na vipeperushi, tukaambiwa kuanzia leo ninyi ndio wenye mali. Tukapiga makofi. Mzee wa Goma, dereva wa foklifti, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, kama ni yetu, nani ameinunua? Na kwa makuta ya nani?" Makuta kwao ni pesa.

Sijasikia swali bora kuliko hilo, na nakusihi uende nalo kila mkutano, maana jibu lake linauma. Nani ameinunua? Mfuko wa amana. Kwa pesa za nani? Kwa pesa zake yeye mzee.

Sikiliza inavyokwenda. Mwanzilishi amezeeka, watoto wake wana shughuli zao, na hataki kazi ya maisha yake ichukuliwe na mshindani atakayefunga milango na kubaki na orodha ya wateja. Tangu mwaka 2014 sheria ya Uingereza inamruhusu auze zaidi ya nusu ya hisa kwa mfuko wa amana wa wafanyakazi. Kwa miaka zaidi ya 10 hakutozwa hata senti ya kodi kwa faida ya mauzo hayo, mpaka Novemba 2025 msamaha ulipokatwa ukawa nusu. Mfanyakazi hatoi kitu mfukoni. Lakini mfuko nao hauna kitu, umezaliwa jana. Basi bei hulipwa na faida ya kampuni yenyewe, mwaka hadi mwaka, mpaka deni liishe. Tuseme faida inayobaki ni pauni 500,000 kwa mwaka. Bei ikiwa milioni 3, deni linamalizwa kwa miaka 6. Ikipandishwa ikawa milioni 4, miaka 8. Hiyo miaka 2 ya nyongeza haiko kwenye kipeperushi. Iko kwenye mgongo wa mtu anayeingia shifti saa kumi na mbili asubuhi kwenye baridi, na bonasi yake, ambayo sheria inairuhusu hadi pauni 3,600 kwa mwaka bila kodi ya mapato, inasubiri nyuma ya mlango.

Lugha yetu imetupa jambo hapa, nami silipiti. Anayepima thamani ya kampuni ni mthamini. Anayeshika amana ni mdhamini. Herufi moja tu imewatenganisha, na kampuni ngapi zimeumia kwa sababu wa pili alijigeuza mwangwi wa wa kwanza! Mthamini anakupa namba. Huwezi kujificha nyuma ya namba hiyo. Ni kazi yako kuuliza nani alimlipa, nani alimpa makadirio ya faida ya miaka ijayo, na kama makadirio yale yaliandikwa na mtu atakayepata pesa nyingi zaidi yakiwa manono. Tangu tarehe 30 Oktoba 2024 sheria ya Uingereza imelitia hilo nguvu: wadhamini wachukue kila hatua inayofaa kuhakikisha bei haizidi thamani ya soko, na muuzaji na watu wake wasiwe wenye kauli ya mwisho mezani. Ni sheria njema, ila imeacha tundu. Haisemi lazima awepo mtu huru. Inaweza kutimizwa na watu waoga watupu.

Na waoga wenyewe nawaelewa, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Wenzangu walinichagua niwe mdhamini wa upande wa wafanyakazi. Fikiria nimekaa pale: mkono wa kulia yupo mwanzilishi, aliyenipa kazi nikiwa sina hata barua ya mtu wa kunidhamini, mbele yangu yupo mkurugenzi anayepanga zamu zangu za ovataimu. Nitasema hapana kwa mdomo gani? Ndiyo maana wewe, mgeni, umeletwa. Hukuletwa kwa elimu yako peke yake. Umeletwa kwa sababu kesho utarudi nyumbani kwako na hakuna aliye mezani anayeweza kukukatia mkate.

Jioni moja ya Novemba lilikuja pendekezo. Mwaka ulikuwa mzuri, pesa zipo benki, mwanzilishi aombwe radhi kwa kusubiri muda mrefu, alipwe awamu 3 kwa mpigo. Faili lilikuwa nene na lilitufikia mchana wa siku ile ile. Ukurasa wa makadirio ulionyesha mteja mkubwa kuliko wote akiendelea nasi mwaka unaofuata. Mimi nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu. Mdhamini huru wetu, mama mmoja mhasibu aliyestaafu, akaweka kalamu yake chini, akaifunika kifuniko. Akauliza taratibu: "Mkataba wa mteja huyu umesainiwa?" Kimya. Mkurugenzi akasema mazungumzo yanakwenda vizuri. Mama akasema, "Jana usiku nilishuka ghalani wakati wa kubadilishana zamu. Dereva wa foklifti alinionyesha rafu za mteja huyu. Safu mbili ziko wazi."

Dereva yule ni mzee wa Goma. Hakuna mkurugenzi aliyewahi kumuuliza chochote kuhusu mteja yeyote, na ndiye aliyekuwa akihesabu kwa macho mizigo inavyopungua, wiki baada ya wiki. Hakusaini mtu jioni ile. Mteja alirejea mwezi wa pili, kwa nusu ya kazi, na zile pesa zilizobaki benki ndizo zilizolipa mishahara yetu hadi kipupwe kikaisha.

Nayasimulia haya ili usinielewe vibaya nikisema uhuru. Kuna watu wanadhani uhuru wa mdhamini ni kutokuwa na undugu na mwanzilishi, basi, imetosha. Mtu anaweza asiwe na undugu na yeyote na bado akawa wa bure, kwa sababu hajui lolote. Mahakama ya rufani ya Marekani ilisema mwaka 1983, katika shauri la Donovan na Cunningham lililohusu hisa walizouziwa wafanyakazi, kwamba moyo safi na kichwa kitupu havitoshi. Ningetamani maneno hayo yachongwe juu ya kila mlango wa chumba cha wadhamini.

Huko Marekani mambo haya ni ya zamani zaidi, na majeraha yake ni makubwa. Mwaka 2007 kampuni ya Tribune ya Chicago, yenye Chicago Tribune na Los Angeles Times, iliwekwa mikononi mwa mfuko wa hisa wa wafanyakazi kwa mpango wa tajiri Sam Zell, aliyeweka dola milioni 315 za upande wake. Mpango wote ulikuwa wa dola bilioni 8.2, nao ulisimama juu ya mikopo. Waandishi na wachapaji hawakupewa kura ya kukubali. Alikuwepo mdhamini, kampuni ya nje ya kitaalamu, aliyekubali kwa niaba yao. Desemba 2008, mwaka mmoja tu baada ya mpango kukamilika, Tribune ikakimbilia mahakama ya ufilisi ikiwa na deni la karibu dola bilioni 13. Wafanyakazi walishtaki, shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 32. Gawanya hizo kwa maelfu ya watu walioandika na kuchapa magazeti maisha yao yote, uone kila mmoja alibaki na nini mkononi.

Au lichukue la Constellis, kampuni ya ulinzi. Wafanyakazi walinunuliwa hisa Desemba 2013. Mwaka 2017 mahakama ya Virginia ikaona kwamba mdhamini, benki kubwa yenye wanasheria na wathamini, aliacha mfuko ulipe dola milioni 29.8 zaidi ya haki. Mwaka 2019 mahakama ya rufani ikakubaliana nayo. Ilikuwepo ripoti ya awali iliyoithamini kampuni hiyo kwa bei ya chini mno. Mdhamini hakuichimbua. Makadirio ya ukuaji yalitoka kwa menejimenti. Hakuyabana. Unaona? Hakuna aliyeiba kwa mkono. Walinyamaza mahali palipotaka swali.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi. Kodi yake inakwenda kwa msikiti, kwa yatima, kwa maskini, na mtawalli anayeisimamia anajua atahesabiwa na Mungu kwa kila chumba. Watu hao hawaulizi mtawalli ana cheti gani. Wanauliza kama anapita kuangalia paa linavuja. Mwingereza John Spedan Lewis alikuwa na uoni wa namna hiyo. Akiuguza majeraha baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi mwaka 1909 alipitia hesabu za maduka ya baba yake, akakuta baba, yeye na ndugu yake wanachukua zaidi ya mishahara ya wafanyakazi wote ikijumlishwa. Hakuweza kulisahau. Mwaka 1929 akaiweka biashara kwenye amana, na mwaka 1950 akakabidhi kilichobaki. Ila mtu wa namna hiyo ni nadra, na huwezi kujenga amana ya watu mia ukitegemea kila mwanzilishi ataguswa rohoni akiwa kitandani.

Kwa hiyo nakuhimiza, ndugu yangu uliye huru. Kabla hujakubali kiti, isome hati ya amana uone nani ana mamlaka ya kukuondoa. Kama ni bodi ile ile utakayoihoji, kataa mpaka ibadilishwe. Posho yako isiwe nono kiasi cha kukufanya uiogope kuipoteza. Usiendeshe kampuni, hiyo ni kazi ya wakurugenzi, na ukianza kuchagua rangi ya malori umeshapotea njia. Lakini usisahau kwamba wakurugenzi hao unaweza kuwaondoa. Na siku atakapokuja mnunuzi na bei tamu, usikimbilie kuangalia bei. Uliza nini kitawapata watu walioko ndani, na hata wale ambao bado hawajaajiriwa, maana amana hii ni yao pia na hawana mtu mwingine pale chumbani.

Nanyi mlio ghalani, jikoni, kwenye madawati ya simu: mjueni mdhamini wenu kwa jina na kwa sura. Mwambieni ukweli kuhusu rafu. Mkiogopa kuandika Kiingereza, mwambieni kwa Kiingereza kibovu. Yule mama alimwelewa mzee wa Goma kwa maneno matatu na kidole.

Mkutano ni Alhamisi. Faili limeshafika kwako. Leo shuka ghalani saa nne usiku, zamu zinapobadilishana, kisha rudi ulifungue kwenye ukurasa wa makadirio.