Mlango wa Kumjua Mfitini Katika Kazi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, na ajue kila Muislamu ya kuwa namima, yaani kuchukua maneno ya huyu kumpelekea yule ili wagombane, ni katika madhambi makubwa. Na dhara yake huzidi pale riziki za watu zilipofungamana. Chombo cha Kiswere hubeba nahodha na mabaharia wenye pato moja. Akiingia kati yao mwenye nyuso mbili, humwambia nahodha, "Fulani huficha samaki." Kisha humwendea fulani, akamwambia, "Nahodha hakuamini." Mara mwenzi ametolewa chomboni, wanawe wamelala na njaa, na mfitini amekalia nafasi yake.

Na alama zake hazifichiki kwa mwenye kutazama. Huleta khabari asiyoulizwa, kisha hutaka isitajwe kuwa imetoka kwake. Husifu mtu mbele ya uso wake, na akigeuka humtia aibu. Na akiambiwa, "Twende kwa huyo unayemsema, uyaseme haya mbele yake," hupata udhuru.

Wamepokea wengi katika wenye tafsiri ya kuwa aya ya 6 ya Sura ya Hujurat ilishuka kwa sababu ya mtu aliyetumwa kukusanya zaka kwa Bani Mustaliq. Akaogopa njiani, akarejea na kusema ya kuwa wamezuia zaka na wametaka kumwua. Vita vikakaribia kwa neno la mtu mmoja, nao kumbe walitoka kumlaki. Ndipo Waislamu wakaamrishwa kuhakikisha khabari kabla ya kutenda.

Na imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar bin Khattab alimwuliza mtu aliyemsifu mwenziwe: je, ni jirani yake, au amesafiri naye, au ameamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Alipokana yote, Umar akamwambia ya kuwa hamjui. Basi mtu hupimwa kwa safari na fedha, wala si kwa ulimi wake mtamu.

Lakini na ajihadhari mwenye kupima asiingie katika dhana mbaya na upelelezi, maana hayo nayo yamekatazwa katika Sura hiyo hiyo, aya ya 12. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ametaja katika Ihya mambo sita yampasayo aliyeletewa namima: asimsadiki mwenye kuileta, amkataze, amchukie kwa ajili ya Mungu, asimdhanie vibaya nduguye asiyekuwapo, asipeleleze, wala naye asiyasimulie aliyoambiwa, asije akawa mfitini wa pili.

Na haki ya mfitini katika ujira isipunguzwe, kwani ubaya wake hauhalalishi dhuluma.

Mwenyezi Mungu awahifadhi Waislamu na shari ya ndimi zao na ndimi za wenzao. Amin.