Blanketi la Mjukuu

Kule Makete, ambako baridi ya Juni hugandisha umande, bibi mmoja alitunza blanketi la sufu kwa ajili ya mjukuu wake wa kwanza. Siku moja alifungua sanduku, akaona nondo mdogo wa rangi ya dhahabu akikimbilia gizani. Akamponda. Lakini nondo wa nguo akishaota mabawa hali tena. Anayetoboa ni kiwavi wake mweupe, aliyejificha kwenye mikunjo. Chakula chake ni keratini, protini inayojenga sufu, nywele, manyoya, kucha na pembe. Ndiyo maana kanga za pamba zilizokuwa humo humo hazikuguswa. Jamaa yake wa mbugani hutafuna pembe za nyati waliokufa, mabaki ambayo ni viumbe wachache sana wanaoweza kuyameng'enya.

Bibi akanunua naftalini, akatawanya vile vidonge vyeupe sandukuni, akafunga. Mkwewe alipojifungua mtoto wa kiume, blanketi likatolewa na kumfunika mtoto papo hapo.

"Mama, mbona linanuka hivi?"

"Harufu ya dawa tu, mwanangu. Itaisha."

Siku chache baadaye macho ya mtoto yalikuwa ya manjano, na mkojo umekolea kama chai ya rangi. Hospitalini daktari alilinusa blanketi, akaagiza liondolewe mara moja. Mvuke wa naftalini hupita kwenye pumzi na ngozi. Kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, huvunja chembe nyekundu za damu. Upungufu huo umeenea zaidi katika jamii zilizoishi na malaria vizazi kwa vizazi, na mtoto wa kiume huurithi kwa mama. Mama wa mtoto huyu kwao ni Tanga, kwenye malaria. Mtoto aliwekwa chini ya taa za buluu, akaongezewa damu, akapona.

Inaniuma kwamba sumu haikuhitajika kabisa. Kiwavi hutaka giza, utulivu na jasho lililokaukia kwenye sufu. Blanketi lingefuliwa, likaanikwa juani, likapigwa brashi kwenye mishono, kisha likafungwa vizuri kwenye mfuko, lingekuwa salama. Mwenye friza analiweka humo, ndani ya mfuko, wiki mbili kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Mayai na viwavi hufa.

Kwenye kadi ya kliniki daktari aliandika G6PD kwa herufi kubwa, ili kila atakayemtibu mtoto aione kabla ya kumpa primakwini, dawa ya malaria inayoweza kumvunjia damu vilevile.