Mzee Atembeaye Usiku

Yuko mzee asinziaye mchana kutwa. Usiku uingiapo huamka, akafungua mlango, akazunguka kijijini. Watu hunong'ona: «Ni mchawi.» Je, ni haki?

Mwenyezi Mungu ametia ndani ya ubongo wetu sehemu ndogo mno iliyo kama saa. Mwanga wa asubuhi huirekebisha, nayo hutujulisha wakati wa kulala na wa kuamka. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa uharibuo ubongo na kufuta kumbukumbu. Mara nyingi ugonjwa huo huiharibu saa hiyo pia; ndipo mgonjwa hugeuza usiku kuwa mchana.

Katekisimu yafundisha kwamba hakuna dhambi ya mauti pasipo kujua na kukubali. Mzee huyo hajui wala hakukubali. Bali amsingiziaye uchawi avunja amri ya nane.

Na amri ya nne yatudai nini? Mchana mketishe penye mwanga, uzungumze naye asisinzie. Usiku lala karibu na mlango, umrudishe kwa upole. Ulipokuwa mtoto mchanga yeye alikesha kwa ajili yako. Sasa zamu ni yako.