Utando Usiofaa Kuwa Vazi

Soma Isaya 59:1–6. Kwa nini utando wa buibui haufai kuwa vazi?

Buibui wa bustanini aitwaye Argiope hufuma utando wa mviringo, kisha katikati hutia nakshi ya hariri nyeupe iliyopindapinda. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu kazi ya nakshi hiyo. Wengine husema huvuta wadudu. Lakini utando wenye nakshi ungali mtego, wala haumsitiri mtu.

Watu wa Mungu walifunga na kumtafuta kila siku (Isa. 58:2, 3), huku mikono yao ikiwa na damu (Isa. 59:3). Ibada ilikuwa nakshi juu ya dhuluma. Mungu hakuwataka waongeze nakshi. Aliwaita wawaache huru walioonewa (Isa. 58:6), tena akaahidi vazi la haki lisilofumwa na mwanadamu (Isa. 61:10).

*Ni nani anayenaswa nyumbani au kazini kwako, wakati kanisani unaonekana mcha Mungu? Utamfanyia nini kabla ya Sabato?*