Pakua Usiku Huu!

Wewe mwenye mgahawa, wewe mwenye hoteli, wewe mama lishe mwenye sufuria moja: unajua! Unamjua mtoto anayezunguka nyuma ya jiko lako kila jioni. Unalijua shati lake. Unajua kinachomwagwa ukishafunga.

Mbona basi unakawia?

Mtazame Bruno Serato, Mwitaliano aliyekuwa na mgahawa wa kifahari mjini Anaheim, California. Mwaka 2005 mama yake, Caterina, alimtembelea kutoka Italia. Wakaenda kwenye kituo cha watoto, wakamkuta mvulana mdogo anakula pakiti ya viazi vikavu vya kukaanga. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chake cha usiku! Katika mji ule ule wa Disneyland, ambako watu humiminika kufurahi, kulikuwa na watoto waliolala motelini na wazazi wao kwa kukosa kodi ya nyumba.

Mama Caterina hakuitisha kikao, hakuunda kamati, hakuuliza gharama. Alimwagiza mwanawe apike tambi. Zikapikwa siku ile ile!

Usiniambie biashara ni mbaya. Uchumi wa Marekani ulipoporomoka mwaka 2008, wateja walipungua. Serato akakopa kwa rehani ya nyumba yake, na watoto wakala. Usiniambie jiko ni dogo. Februari 2017 moto uliuteketeza mgahawa wake; akapikia kwenye majiko ya wengine, na watoto wakala. Usiniambie kesho!

Ogopa yaliyompata tajiri wa Injili. Maskini aitwaye Lazaro alilala mlangoni pake, na baada ya kufa, kule motoni, tajiri alimtaja kwa jina. Kwa jina! Hilo hunitisha kuliko zile ndimi za moto. Alimjua, akamruka, akaenda kula!

Geuka ungali na pumzi, ungali na moto jikoni, ungali na mlango wa kufungua! Wala usimtupie mtoto ukoko. Watoto wa Anaheim walipikiwa chakula cha kupikwa, cha moto, kama wageni wengine.

Mwite mpishi. Mwambie aongeze kibaba cha mchele. Osha sahani, vuta kiti, mwite mtoto kwa jina lake. Hulijui? Muulize! Yupo hapo nje sasa hivi. Nyanyuka!