Hakuachia Mpaka Akabarikiwa

Somo: Mwanzo 32:22-32

Wafugaji wa huku kwetu Kajiado watampenda Rulon Gardner, Mmarekani aliyelelewa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Afton, Wyoming. Mchezo wake ulikuwa mieleka ya Kigiriki-Kirumi. Katika mtindo huo hairuhusiwi kumshika mwenzako chini ya kiuno wala kumpiga ngwala. Mnakabana kifua kwa kifua.

Tarehe 27 Septemba 2000, kwenye fainali ya Olimpiki ya Sydney, alikutana na Alexander Karelin wa Urusi, bingwa wa Olimpiki mara 3, ambaye kwa miaka 13 hakuna aliyemshinda katika mashindano ya kimataifa. Gardner alimjua vizuri. Mwaka 1997 Karelin alimnyanyua, akambwaga, akamshinda 5-0. Safari hii Gardner hakumbwaga Karelin hata mara moja. Kipindi cha pili kilianza wakiwa wamekumbatiana, mikono imefungamana, na kwa sheria ya wakati ule anayeachia kwanza anapoteza pointi. Wakasukumana, wakazungushana. Mara mikono ya Karelin ikaachana, kufumba na kufumbua. Waamuzi wakaitazama tena picha, wakampa Gardner pointi. Ikaisha 1-0.

Sasa mtazameni Yakobo pale kivuko cha Yaboki, akishindana mieleka na mtu hadi alfajiri. Sisi wahubiri tumezoea kuueleza usiku ule kwa kelele, kana kwamba Mungu hushindwa na mwenye sauti kubwa. Mimi sioni hivyo. Ndugu yake Esau yuaja na watu 400, na Yakobo ameguswa nyonga ikateguka. Nguvu ya kumwangusha mtu hana tena. Amebaki na mikono tu, na alipoambiwa aachie kwa kuwa kunapambazuka, alikataa mpaka abarikiwe. Akapata baraka, na akaondoka akichechemea.

Ukame wa 2022 ulituonyesha kung'ang'ania kwa namna hii. Ng'ombe aliyedhoofika akilala, asubuhi hawezi kuinuka mwenyewe. Watu wanakusanyika: huyu pembe, yule mkia, wengine wanapitisha mikono chini ya tumbo. Anasimama akitetemeka, na kesho yake ni vivyo hivyo. Wengi walikufa hata hivyo, na maboma yakabaki matupu. Sitawadanganya kwamba kila anayeng'ang'ania hupata alichokiomba. Ila naamini Mungu aliiona mikono ile kila alfajiri.

Gardner naye aliumia. Mwaka 2002 alipotea kwenye theluji usiku kucha, na baridi ikamgharimu kidole cha mguu. Alirudi ulingoni, akapata shaba Athens mwaka 2004, kisha akavua viatu akaviacha kwenye mkeka kuonyesha amestaafu.

Hapa Kitengela wapo wanaoamka saa kumi usiku kuwahi kazi Athi River, na mshahara ukija kodi na karo vinaugombania. Wapo wanaomuuguza mzazi mwaka wa tatu sasa. Mikono yao imechoka, kama ya Musa kule Refidimu, mpaka Haruni na Huri wakaitegemeza. Jumatano hii, maombi ya jioni yakiisha, tusiondoke haraka. Mwenye mzigo anaoweza kuutaja autaje. Asiyeweza, aketi tu karibu na mwenzake. Wazee wa kanisa watakuwepo na orodha ya nyumba za kutembelea, na nawaomba kila mmoja achukue moja.