Dhamana ya Fundi na Laptopu Iliyozimika

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, neno “kadari” siku hizi limegeuzwa risiti. Muhula huu dada yetu mmoja alipeleka laptopu kwa fundi hapa Kigali abadilishiwe kibodi. Fundi, bila kuulizwa, akaona asasishe na BIOS. Mvua ikanyesha, umeme ukakatika, na betri ilikuwa imechoka zamani. Umeme uliporudi, taa ya chaja iliwaka, kioo kikabaki cheusi. Dada akaambiwa bodi imekufa, ni kadari ya Allah, kisha akadaiwa pesa ya kibodi. Ndani mna tasnifu yake. Baada ya halaka wengi mmeniuliza sheria inasemaje.

Hukumu ya jambo hutanguliwa na kulifahamu jambo lenyewe. BIOS ni programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Hukaa katika chipu, aghalabu ya miguu minane, isiyozidi punje ya mhindi, kwenye bodi kuu ambayo mafundi huiita mazabodi. Kusasisha ni kufuta maandishi ya zamani na kuandika mapya. Umeme ukikatika katikati, chipu hubaki na maneno nusu, na kompyuta haijui ianzie wapi. Bodi haijaungua, kilichoharibika ni maandishi. Na tasnifu haimo humo kabisa. Imo kwenye diski, ambayo katika laptopu nyingi huchomolewa na kusomwa kwa mashine nyingine, ila kama imefungwa kwa BitLocker, ndipo utahitaji ufunguo wake wa akiba.

Tiba ipo. Laptopu nyingi za HP hujiokoa kwa faili sahihi iliyowekwa kwenye flashi, ukashikilia vitufe vya Windows na B unapoiwasha. Dell nyingi hutumia Ctrl na Esc. Hayo yakishindikana, fundi huibana chipu kwa kibanio, akaiunganisha na kifaa cha kuandikia kama CH341A, akasoma kilichomo mara mbili na kulinganisha, akahifadhi nakala, ndipo aandike upya. Sharti ajue volti yake, kwani chipu ya volti 1.8 ikipewa 3.3 inaweza kufa kweli. Basi anayetangaza kifo kabla ya kujaribu hata moja katika haya amesema asilolijua.

Ama kadari, tunaiamini, na ni nguzo ya imani yetu. Lakini Umar ibn al-Khattab, alipopata habari za tauni akiwa njiani kwenda Sham, aligeuza msafara. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kwamba anaitoka kadari moja na kuiendea nyingine. Kuangalia betri kabla ya kusasisha ni kadari. Kushika kibanio baada ya kuharibika ni kadari vilevile. Sijaona kitabu cha akida kinachosema kadari humwondolea mtu deni.

Mafakihi walikwisha lijadili hili kwa washonaji na watia rangi wa nguo. Imepokewa kutoka kwa Ali ibn Abi Talib kwamba aliwabebesha mafundi dhamana, kwa kuwa watu hawatengemai bila hivyo, na Imam Malik akaelekea huko. Abu Hanifa akambebesha fundi kile kilichoharibiwa na kazi yake mwenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafi, fundi ni mwaminifu, halipi isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Hapa kuna jambo ninalolipenda: ar-Rabi, mwanafunzi wa Imam Shafi, anaeleza kwamba Imam alikuwa na rai hii ya kutowabebesha ila yaliyotendwa na mikono yao, lakini hakuitangaza, akihofia mali za watu zisipotee. Alilijua soko.

Kwa kisa chetu hatuhitaji hata kuchagua rai. Kibodi ndiyo aliyoruhusiwa kuigusa, BIOS hakuruhusiwa. Huko ni kuvuka mpaka, na kwa betri mbovu kuna uzembe juu yake. Airudishe ilivyokuwa kwa gharama yake, au alipe thamani ya kilichoharibika. Ujira wa kibodi, ikiwa kibodi imewekwa sawa, ni haki yake, wala tusimdhulumu.

Kuna na ghushi ambayo mteja haioni. Ndani ya chipu ileile mara nyingi mna namba ya usajili ya mashine na leseni ya Windows. Fundi mvivu hupakua faili ya laptopu ya mtu mwingine na kuibandika nzima. Mashine inawaka, lakini inajitaja kwa jina lisilo lake. Namba za asili zirudishwe kutoka ile nakala, na mwenye mali aambiwe kilichofanyika.

Nawe mwenye laptopu, usimfiche fundi kwamba betri yako haikai hata dakika tano. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 ya al-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Basi kabla bisibisi haijagusa skrubu, muandikiane kikaratasi: kinachotengenezwa, kisichoguswa bila simu, bei, na nani analipa umeme ukikatika. Wallahu aalam.